Chakula cha Mtu Anayeinua Vyuma

Ukipita nyuma ya mabweni saa kumi na moja jioni utawaona vijana wakiinua vyuma. Vyuma vyenyewe ni bomba lililochomekwa pande zote mbili katika makopo ya rangi yaliyojazwa saruji. Kila mmoja huuliza, "Kopo hili lina kilo ngapi?" Wachache sana huuliza habari za sahani. Nia yangu katika somo hili ni kueleza kwa nini njaa hutushika baada ya kazi hiyo, ni vyakula gani vya nchi yetu vinavyoshibisha na kujenga mwili, na jambo moja ambalo hatuna budi kulifikiri kabla ya kuomba sahani ya pili.

KWA NINI TUNAONA NJAA

Mtu akiinua kitu kizito mara nyingi, misuli yake huchoka, na baadhi ya nyuzi zake huumia kidogo. Mwili huzitengeneza na kuzifanya nene kuliko zamani. Kazi hiyo haifanyiki pale pale uwanjani, bali huendelea kwa siku nzima au mbili, hata mtu anapolala. Mwili hutumia protini kama fundi atumiavyo matofali: yakikosekana, ukuta haupandi hata fundi akiwa hodari namna gani.

Tena, misuli ina akiba ya wanga, nayo hupungua katika kazi. Akiba hiyo hurudishwa na posho, ndizi, viazi, mihogo na wali. Mwisho, kuna hesabu ya nguvu yote ya siku, ambayo hupimwa kwa kalori. Mashirika ya misaada hukadiria kalori 2,100 kwa siku kwa mtu mmoja, wakubwa kwa wadogo wakichanganywa. Kijana mkubwa anayelima, anayetembea kwa miguu na kuinua vyuma huhitaji kama 3,000.

Wako wasemao kwamba usipokula katika nusu saa ya kwanza, jasho lako lote limepotea. Si kweli. Ni vyema kula katika saa mbili hivi, lakini kilicho kikubwa ni jumla ya chakula cha siku nzima. Basi anayeinua vyuma saa kumi na moja na kula chakula cha jioni saa moja hajachelewa hata kidogo.

Na protini ni kiasi gani? Kwa mtu wa mazoezi, yatosha gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo 60 atahitaji kama gramu 96 kwa siku, nazo afadhali zigawanywe katika milo mitatu au minne, wala zisirundikwe katika mlo mmoja.

MILO MITATU YA KWETU

Mlo wa kwanza ni posho na maharage. Najua mtacheka, kwa kuwa tumekula posho na maharage tangu tulipoingia shule. Lakini tufanye hesabu. Unga wa mahindi gramu 200 una kalori kama 720 na protini kama gramu 15. Maharage makavu gramu 100 yana kalori 340 na protini gramu 21. Tia kijiko kikubwa cha mafuta, kalori 120, na konzi ya karanga gramu 30, kalori 170 na protini gramu 7. Jumla ni kalori 1,350 na protini gramu 43. Tena vyakula hivi viwili husaidiana. Protini imeundwa kwa vipande vingi; mahindi yamepungukiwa na kimoja kiitwacho laisini, na maharage yanacho kwa wingi. Maharage nayo yamepungukiwa na kingine ambacho mahindi yanacho. Vikiliwa pamoja, pengo la kila kimoja huzibwa na mwenzake.

Mlo wa pili ni matoke, chakula cha Isingiro. Hapa yapasa tuwe waangalifu. Matoke hujaza tumbo upesi, kwa sababu yana maji mengi, lakini protini yake ni kidogo mno. Gramu 500 za matoke yaliyopikwa zina kalori kama 550 na protini gramu 5 tu. Anayekula matoke na chumvi peke yake atashiba, lakini hatajengeka. Basi yapikwe na mchuzi wa karanga. Karanga za kusaga gramu 50 huongeza kalori 285 na protini gramu 12. Kisha unywe nusu lita ya maziwa, nayo ina kalori 300 na protini gramu 16. Sasa sahani imefika kalori 1,135 na protini gramu 33. Hapo migomba na ng'ombe, mali mbili za Ankole, zimekutana mezani.

Mlo wa tatu ni wa barabarani Mbarara, kwa yule aliyetoka mazoezini na shilingi chache mfukoni. Huo ni kikomando, yaani chapati zilizokatwa vipande na kumwagiwa maharage. Chapati mbili za kawaida zina kalori kama 600, na maharage huleta 170 zaidi. Ukiongeza mayai mawili ya kuchemsha unapata kalori 150 na protini gramu 12. Sijui chakula kingine cha bei hiyo kinachomshinda.

Jirani zetu wa Nakivale wametufundisha mengine. Wakongo hula sombe, ambayo ni majani ya mihogo yaliyotwangwa, pamoja na dagaa. Dagaa wakavu ni hazina, maana nusu au zaidi ya uzito wao ni protini. Konzi moja ikisagwa na kutiwa katika mboga hubadili sahani nzima.

Na wale wanaotamani unga wa protini wa makopo, mwingi wa unga huo hutolewa katika maziwa. Sisi tunaishi mahali ambapo maziwa yenyewe hupita mlangoni kila asubuhi katika madebe.

MAMBO YA KUEPUKA

Usile karanga au mahindi yenye ukungu, hata ukiambiwa kwamba moto utaua. Ukungu huo huacha sumu iitwayo sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupikwa na huharibu ini. Maziwa yachemshwe siku zote, kwa maana yasiyochemshwa yaweza kuleta homa ya ng'ombe inayoumiza viungo kwa miezi mingi. Kunywa maji ya kutosha. Wala usiinue vyuma vizito siku ambayo hukula kitu tangu asubuhi. Mwili usiopata chakula hutafuta nguvu katika misuli yake wenyewe, na mtu hubomoa jioni alichojenga jana.

SAHANI YA PILI

Sasa nafika kwenye jambo nililolitaja mwanzo. Likizo moja nilikuwa nyumbani, katika makazi ya Nakivale. Mwezi wa Aprili 2020 mgao wa chakula ulipunguzwa kwa asilimia 30, na tangu 2023 familia hazipewi sawasawa. Nyingine hazipati kabisa. Mimi nilikuwa na makopo yangu ya saruji nyuma ya nyumba, na kila jioni niliomba nyongeza. Mama alinipakulia.

Nikamwuliza, "Na wewe, mama?"

Akajibu, "Kula, mwanangu. Mimi nimekwisha kula."

Nilisadiki maneno hayo kwa wiki tatu. Kisha jioni moja niliingia jikoni mapema, nikamkuta akikwangua ukoko wa sufuria ili ampe mdogo wangu, naye mwenyewe anakunywa chai isiyo na sukari. Mikono yangu ilikuwa imenenepa kidogo, lakini nilijua imenenepa kwa chakula cha nani.

Sikuacha vyuma kabisa, ila nilipunguza siku kutoka tano hadi mbili. Asubuhi nilikwenda Rugaaga kupalilia shamba la migomba la mzee mmoja, naye alinilipa kwa maharage na, wiki nyingine, mkungu wa matoke. Nililetea jikoni kwanza, kisha nikala. Ndugu zangu, kulima nako ni kuinua vyuma.

Yuko mtu mmoja ambaye habari zake hunitia moyo. Jina lake ni Cyrille Tchatchet, mwinua vyuma wa Kameruni. Mwaka 2014 alikwenda Glasgow kwa michezo ya Jumuiya ya Madola, akaogopa kurudi kwao, akalala chini ya daraja mjini Brighton. Alirudi kwenye vyuma baada ya kupata mahali pa kuishi. Mwaka 2021, katika Olimpiki ya Tokyo, alisimama katika timu ya wakimbizi akawa wa kumi katika uzito wa kilo 96. Angalieni mpango wake: kwanza paa na chakula, kisha vyuma.

Kwa hiyo nawaachia kanuni tatu. Kwanza, katika kila mlo weka pamoja chakula cha nguvu na chakula cha kujenga, wala usishibe kwa kimoja tu. Pili, ongeza mafuta, karanga au maziwa kabla ya kuongeza ukubwa wa sahani, maana kalori nyingi hukaa mahali padogo. Tatu, kabla ya kuomba nyongeza, tazama ndani ya sufuria na uhesabu watu waliobaki. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba cha nyumbani ni cha watu wote wa nyumba.