Kufunga Kazi Mapema Hali ya Hewa Inapochafuka



Somo la toleo hili ni la kila anayefanya kazi na kila anayesimamia wafanyakazi: wauguzi, wahudumu wa afya ya jamii, walinzi, wapishi, wasafishaji, madereva na vibarua. Tutajibu swali moja. Mvua kubwa, mafuriko au upepo mkali unapokuja, ni nani anayeamua watu waende nyumbani, na anaamua saa ngapi?

Mahali pengi jibu ni "tungoje tuone". Ukingoja mpaka uone, mara nyingi njia ya kurudi imekwisha fungwa.

Tujifunze kwa wavuvi wetu

Wasomaji waliotoka Chula, Chovai, Koyama, Ngumi na vijiji vya pwani kutoka Kismayo hadi Ras Kamboni wanalijua jambo hili tangu utotoni. Kaskazi inapovuma, takriban Desemba hadi Machi, vyombo vidogo huenda baharini. Kusi likishika nguvu, hasa Juni hadi Agosti, vyombo hupandishwa pwani. Watu hushona nyavu, huziba mianya ya vyombo na kushughulikia mashamba. Alama inajulikana na wote, uamuzi hufanywa kabla ya hatari, na hakuna anayeitwa mvivu kwa kubaki nchi kavu.

Mfanyakazi wa kuajiriwa hana uhuru huo. Akiambiwa avuke kwenda kuchanja watoto kisiwani, akakataa kwa sababu ya upepo, anaogopa kukatwa posho. Kwa hiyo usalama wake usiachiwe ujasiri wake. Uwekwe katika kanuni.

Mifano miwili

Tarehe 18 Julai 2012, katikati ya msimu wa kusi, meli ya MV Skagit iliondoka Dar es Salaam mchana kwenda Unguja. Ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe katika upepo mkali na mawimbi makubwa. Zaidi ya watu 100 walikufa.

Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipokaribia Afrika Mashariki, Tanzania ilisimamisha meli za abiria kati ya Dar es Salaam na Zanzibar. Kenya ilizuia uvuvi na michezo ya ufukweni, na ikaahirisha kufungua shule kwa sababu ya mafuriko yaliyokuwa yakiendelea. Hidaya kilifika karibu na kisiwa cha Mafia tarehe 4 Mei, nguvu zake zikiwa zimepungua. Je, waliofunga walikosea? Hapana. Uamuzi hupimwa kwa habari iliyokuwapo ulipofanywa. Kupoteza siku moja ya kazi kunalipika. Kupoteza mtu hakulipiki.

Hatari tatu na muda wa onyo lake

1. Mto Juba. Maji yake mengi hutoka nyanda za juu za Ethiopia. Hupita Dolow, Luuq, Bardera na Jamame kabla ya kuingia baharini Goobweyn, karibu na Kismayo. Mto ukijaa Luuq, walio chini wana siku kadhaa za kujiandaa. Sikilizeni taarifa za redio na za mradi wa SWALIM wa FAO, unaofuatilia kina cha mto.

2. Upepo wa bahari. Msimu unajulikana, lakini kila siku ya safari nahodha aulizwe asubuhi. Nahodha akisema hapana, msimamizi asimbishie. Safari ya kwenda pekee haitoshi kufikiriwa. Ulizeni pia hali ya jioni wakati wa kurudi, na maji yatakuwa yanajaa au yanakupwa.

3. Radi na mvua ya ghafla. Hapa onyo ni dakika tu. Ukiona umeme, hesabu. Ngurumo ikisikika kabla ya kufika 30, ingia ndani ya jengo imara au gari lililofungwa. Usikae chini ya mti. Hema pia halikukingi na radi. Ngoja dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho ndipo utoke.

Hesabu kutoka kwa anayekaa mbali

Wasimamizi wengi hutoa ruhusa mvua inapoanza kugonga bati. Anayekaa jirani hufika salama, na anayekaa mbali hukutana na maji njiani. Fanyeni hivi: tafuteni mfanyakazi mwenye njia ndefu au mbaya kuliko wote. Ikiwa anatembea saa 2 na kuvuka korongo, na mvua inatazamiwa saa 10 jioni, basi aondoke si zaidi ya saa 7 mchana, ili abaki na saa moja ya tahadhari. Wenye watoto wachanga, wajawazito na walemavu waondoke pamoja na kundi la kwanza.

Kumbukeni Novemba 2006. Mafuriko yaliikumba kambi ya Ifo huko Dadaab, maelfu wakapoteza makazi, na barabara ya Garissa ikakatika. Barabara ikishakatika, ruhusa ya kwenda nyumbani haina maana tena.

Kazi zipi zifanyike nyumbani?

Taarifa za wiki, hesabu za dawa na mikutano vinaweza kufanywa kwa simu. Mhudumu wa afya ya jamii anaweza kubaki katika bloku yake, akatembelea jirani na kutoa taarifa kwa simu badala ya kwenda ofisini. Wagonjwa wa kifua kikuu, kisukari na shinikizo la damu wapewe dawa za siku za ziada kabla ya mvua.

Lakini mkunga hawezi kuzalisha kwa simu. Wodi ya uzazi, wagonjwa mahututi na matibabu ya kuharisha havifungwi. Watakaobaki wachaguliwe mapema, kwa zamu, wapewe mahali pa kulala, chakula, maji safi na taa. Wapishi, wasafishaji na walinzi wasisahauliwe. Si haki wenye kompyuta kubaki nyumbani na mshahara kamili, huku msafishaji akipita kwenye maji ya kiunoni asikatwe posho ya siku.

Haki ya mfanyakazi

Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema anayejiondoa kwenye kazi kwa sababu za kweli za kuamini kuna hatari kubwa iliyo karibu asiadhibiwe. Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mfanyakazi amwarifu msimamizi wake juu ya hatari kama hiyo. Msimamizi naye haruhusiwi kumrudisha mahali hapo wakati hatari ingalipo. Kwa hiyo usiondoke kimya. Toa taarifa, na taja saa uliyoitoa.

Andikeni kabla ya msimu wa mvua

Karatasi moja ubaoni yatosha, nayo iwe na:
- Jina la anayeamua, na la naibu wake akiwa hayupo.
- Alama inayoanzisha uamuzi.
- Saa ya kuondoka kwa kila njia.
- Majina ya wanaobaki zamu.
- Namba za simu, na jinsi ya kuwafikia wasio na simu.
- Neno la wazi kwamba aliyerudishwa nyumbani halipotezi siku yake.

Maswali ya kujadiliana kazini

1. Kwetu, nani ana njia mbaya kuliko wote, na tumewahi kumuuliza?
2. Msimamizi akiwa safarini siku ya dhoruba, nani ana mamlaka ya kusema "nendeni"?
3. Ni mgonjwa gani atakosa dawa tukifunga siku 3, na tutamfikiaje leo?

Jadilianeni wakati jua linawaka. Karatasi hiyo ikiwa bado haijabandikwa, anzeni na jina la anayeamua.