Somo la Familia: Tuketi Kwanza, Tuhesabu Gharama ya Nyumba

Msingi wa somo: Luka 14:28–30



Familia nyingi katika usharika wetu zimechoka kulipa kodi ya pango. Watoto wanakua, kodi inapanda kila mkataba unapoisha, na sasa wengi wanaulizana habari za kununua nyumba hapa Marekani. Hamu ya kuwa na mahali petu ni njema. Lakini katika Luka 14 Yesu anatukumbusha mtu anayetaka kujenga mnara: huketi kwanza, akahesabu, asije akaishia kwenye msingi na watu wakamcheka. Tulitazame neno hilo la kuketi. Wengi wetu tunahesabu tukiwa tumesimama, kati ya zamu moja na nyingine. Leo tuketi.

1. Tupime nyumba kwa zamu za kawaida

Wengi wetu tunafanya kazi hospitalini, kwenye nyumba za kutunzia wazee na kwenye maghala. Ovataimu imetusaidia sana. Mkopeshaji naye anaweza kuihesabu kama mapato yetu, kwa kawaida akiona tumeipata kwa miaka 2 hivi. Lakini mkopeshaji anahesabu dola tu. Usingizi wetu hauhesabu.

Sisi wauguzi tunaona mwisho wa jambo hili: shinikizo la damu kwa watu wasiofika hata miaka 50, migongo iliyoumia kwa kuinua wagonjwa, na wenzetu wanaosinzia kwenye usukani asubuhi. Tena ovataimu si ahadi. Wagonjwa wakipungua, inakatwa. Deni la nyumba halikatwi, na mara nyingi ni la miaka 30.

Tuchukue mfano wa hesabu. Nyumba inauzwa dola 280,000. Kwa mkopo wa FHA, unaodhaminiwa na serikali, malipo ya awali yanaanzia asilimia 3.5 kwa mwenye alama za mikopo 580 au zaidi. Hiyo ni dola 9,800. Bima ya mkopo ya asilimia 1.75 huongezwa juu ya deni, nalo linafika kama dola 274,900. Tukiweka riba ya asilimia 6.5 kwa miaka 30, malipo ni kama dola 1,740 kwa mwezi. Bado kuna bima ya mkopo ya kila mwezi, kama dola 124. Tuseme kodi ya jengo ni dola 300 na bima ya nyumba ni 180. Jumla inapita dola 2,340, kabla ya umeme, maji na paa linalovuja. Siku ya kukamilisha ununuzi kuna gharama nyingine, mara nyingi kati ya asilimia 2 na 5 ya mkopo.

Sasa swali la nyumbani: je, mshahara wa zamu za kawaida unaweza kulipa hayo yote, pamoja na sadaka, chakula, na kile tunachowatumia wazazi? Kama jibu ni ndiyo kwa ovataimu peke yake, nyumba hiyo ni kubwa kuliko sisi kwa sasa.

Lipo jaribio rahisi. Kama kodi ya pango ni dola 1,500 na nyumba itataka 2,340, tuweke benki dola 840 kila mwezi kwa miezi 6, bila kuzigusa. Tukiweza, tumepata jibu na pia dola 5,040 za kuanzia. Tukishindwa, tumejua mapema, na hakuna aliyepoteza nyumba.

2. Fedha zetu ziwe na maandishi

Mkopeshaji huomba taarifa za benki za miezi ya karibuni, na kila kiasi kikubwa kilichoingia ataulizia kilikotoka. Hapa familia zetu nyingi hukwama, kwa sababu tunaweka akiba kwa upatu, au chama, au likelemba, na fedha zinakuja zote kwa mkupuo. Kanuni za FHA zinaitambua akiba ya namna hii, mradi kuna ushahidi: daftari la wanachama, michango na risiti. Kwa hiyo kila kikundi kiandike. Na aliyepokea zamu yake mapema akumbuke kwamba michango iliyobaki ni deni, aitaje.

Ndugu akitupa zawadi ya fedha, atasaini barua kwamba hatadai kurudishiwa. Kama atadai, tusiiite zawadi. Kusema uongo kwenye maombi ya mkopo ni kosa la jinai, na sisi tuliokuja na makaratasi ya uhamiaji tuna mengi ya kupoteza.

Kuhusu makaratasi hayo: tangu Mei 2025, FHA haitoi tena dhamana kwa wenye ukaaji wa muda. Familia iulize mapema mkopo gani unaifaa, kabla ya kumlipa mtu yeyote chochote.

3. Nyumba ipimwe kama mgonjwa

Hatumpi mgonjwa dawa kwa kumtazama sura. Vivyo hivyo rangi mpya na jiko linalong'aa visituridhishe. Tulipe mkaguzi wa nyumba tuliyemchagua sisi wenyewe, atazame msingi, paa, umeme, mabomba na tanuri la joto.

Nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 inaweza kuwa na rangi yenye madini ya risasi. Mtoto anayetambaa akitia vumbi lake mdomoni, ubongo wake unaweza kudhurika, na dalili hazionekani mapema. Sheria inamtaka muuzaji aseme anachojua, na inampa mnunuzi siku 10 za kupima, isipokuwa wakikubaliana muda mwingine. Tusisaini kuiacha haki hiyo kwa sababu ya haraka.

Ipo pia gesi ya radoni, inayotoka ardhini bila harufu wala rangi. Baada ya sigara, ndiyo inayoongoza hapa Marekani kwa kusababisha saratani ya mapafu. Kuipima ni rahisi, na ikizidi, inatolewa kwa bomba na feni. Wengi wetu tunawalaza wageni na vijana kwenye chumba cha chini ya ardhi, na huko ndiko hujikusanya zaidi.

Tuulize pia habari za mafuriko. Bima ya kawaida ya nyumba hailipi hasara ya mafuriko.

4. Kabla ya kusaini

Tangu Agosti 2024, mawakala wengi hutaka mkataba wa maandishi kabla ya kutuonyesha nyumba. Ada yao imeandikwa humo, na inaweza kujadiliwa.

Tuombe mkopo kwa wakopeshaji 2 au 3. Kila mmoja anapaswa kutupa makadirio ya kurasa 3 ndani ya siku 3 za kazi. Tuyalinganishe mstari kwa mstari. Waraka wa mwisho, wa kurasa 5, lazima utufikie siku 3 za kazi kabla ya kusaini. Tusitumie watoto wetu kama wakalimani siku hiyo. Deni la miaka 30 ni mzigo mzito kwa mtoto wa miaka 12. Washauri wa nyumba waliothibitishwa na HUD wapo, na wengi hawatozi kitu au hutoza kidogo.

Tusinunue gari kwa mkopo wakati tunasubiri. Na ikija barua pepe kwamba akaunti ya kutumia fedha imebadilika, tusitume hata dola moja. Tupige simu kwa namba tuliyokuwa nayo tangu mwanzo.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Mume na mke, tunajua madeni yote ya kila mmoja wetu?
2. Tukinunua, nani atakuwa nyumbani watoto wakirudi shuleni?
3. Ovataimu ikikatwa kwa miezi 3, tutalipa kwa nini?

Tuombe: Baba, utupe subira ya kuketi na ujasiri wa kuambiana ukweli wa fedha zetu. Nyumba utakayotujalia iwe na nafasi ya kulala, ya kula pamoja, na ya kumpokea mgeni. Amina.