SOMO LA KILIMO: KINGA MOJA KATIKA MASHAMBA YOTE

Oti ni nafaka ya nchi za baridi, iliyo karibu na ngano na shayiri. Visiwani haistawi, wengi huijua kwa uji wake wa kopo tu. Hata hivyo, yaliyoisibu nchini Marekani katika miaka ya 1940 yanamhusu kila mwenye kuchagua mbegu.

Adui mkubwa wa oti ni kutu ya majani, maradhi yaletwayo na kuvu iitwayo Puccinia coronata. Mwaka 1927 ililetwa Marekani kutoka Uruguay mbegu iliyoitwa Victoria, nayo ikaonekana kuyahimili maradhi hayo. Wataalamu waliizalisha pamoja na mbegu nyingine, zikapatikana aina mpya kadhaa, miongoni mwao Vicland na Tama. Majina yalikuwa mengi, lakini kinga ilikuwa moja, iliyorithiwa kutoka kwa mzazi mmoja. Kufikia katikati ya miaka ya 1940 aina hizo zilikwisha kuenea katika sehemu kubwa ya mashamba ya oti ya majimbo ya kati.

Mwaka 1946 watafiti Frances Meehan na H. C. Murphy walieleza maradhi mapya yaliyoonekana Iowa. Miche ilikufa, mashina yakaoza sehemu ya chini, na mimea ikaanguka kabla ya kukomaa. Lililoshangaza ni kwamba walioathirika ni uzao wa Victoria peke yake. Oti nyingine zilisimama salama katika ardhi ile ile.

Sababu ilikuwa ndani ya kinga yenyewe. Kutu huishi kwa kunyonya chembe zilizo hai. Mmea wenye kinga ya Victoria, unapohisi kuvamiwa, huziua chembe zake mahali palipoingiliwa, na kutu hukosa chakula. Kuvu ya maradhi mapya hutoa sumu, viktorini, inayouchochea mmea kujiua vivyo hivyo. Lakini kuvu hii hustawi juu ya chembe zilizokufa. Mlango uliomfungia adui wa kwanza ndio uliomfungulia wa pili. Wazalishaji wa mbegu walijaribu kuzitenganisha sifa hizo mbili, wasifanikiwe.

Aina za Victoria ziliachwa, zikafuatwa na zile zenye kinga ya Bond, mbegu kutoka Australia. Nazo hazikudumu, kwani kutu ilibadilika ikazishinda.

Ndipo watafiti walipoigeukia oti mwitu, Avena sterilis, ambayo huota yenyewe katika nchi za Bahari ya Kati, ikiwemo Israeli, na kuishi na kutu tangu kale. Humo zilipatikana kinga nyingi zilizo tofauti. Mwaka 1968 Iowa ilianza kutoa mbegu mchanganyiko: mimea yenye kimo kimoja na kukomaa pamoja, lakini yenye kinga mbalimbali, hivyo kutu inayoushinda mmea mmoja hugonga mwamba kwa jirani yake. Kazi hiyo ni ngumu, kwa kuwa kila ukoo hukuzwa na kuhifadhiwa peke yake kabla ya kuchanganywa.