Somo la Ufundi: Besi Isifunike Neno

Katika toleo hili tunajifunza kuoanisha sauti baada ya kuongeza sabufa kwenye vyombo vya kuhamishika.

Lengo ni kwaya isikike kwa uzito wake, na mama aliyeketi nyuma kabisa asikose tangazo la chanjo. Besi ikizidi, maneno hufunikwa. Watu husikia mngurumo tu na kurudi nyumbani bila ujumbe.

Hatua za kufuata:

1. Anzeni na usemi. Zimeni sabufa. Mtu mmoja aseme kwenye maikrofoni mpaka asikike wazi mwisho wa uwanja.

2. Gawanyeni kazi. Wekeni krosova kwenye Hezi 100 hivi: sauti za chini ya hapo ziende kwenye sabufa, za juu zibaki kwenye spika za kawaida. Kwenye miksa, bonyezeni kitufe cha kukata besi kwa kila maikrofoni ya msemaji, ili pumzi na upepo visiungurume.

3. Jaribuni kitufe chenye alama ya Ø. Pigeni wimbo mnaoufahamu, washeni sabufa, kisha mgeuze kitufe hicho. Kiacheni pale besi inaposikika nzito zaidi walipo watu.

4. Pangeni kiasi. Shusheni sabufa hadi mwisho, mpandishe polepole. Besi ikiungana na wimbo, simameni hapo. Ikisikika kama chombo kinachojitegemea, imezidi.

5. Tembeeni. Sabufa iliyo karibu na ukuta au kwenye kona hutoa besi nyingi zaidi. Uwanjani besi hupungua. Kwa hiyo kipimo cha kanisani kisitumike uwanjani bila kusikiliza upya.

Gharama nayo ikumbukwe. Kuongeza desibeli 3 tu kunaidai amplifaya nguvu maradufu: penye wati 300 zitahitajika 600. Jenereta ndogo inaweza kulemewa, na mafuta huisha mapema. Kabla ya kuomba sabufa nyingine kwa wafadhili, jaribuni kuzisogeza pamoja zile mlizo nazo. Mbili zikikaa ubavu kwa ubavu husaidiana.

Maswali ya kujadili katika kamati:

- Je, wanaoketi nyuma wamewahi kuulizwa wanasikia nini?
- Nani atatembea uwanjani kabla ya mkutano ujao?