Ndege au Meli? Tupige Hesabu Kabla ya Kufunga Mzigo



Somo la leo ni la vikundi vinavyouza vyondo, vinyago au kazi za mawe ya Kisii kwa wanunuzi wa ng'ambo, na kwa wale wanaotarajia kuanza.

Akina mama wa kikundi kimoja nilichokuwa nikikitembelea walipata oda ya vyondo 200 kutoka Ujerumani. Furaha ilikuwa kubwa! Lakini walichelewa kumaliza, mnunuzi akaanza kuwahimiza, basi wakatuma mzigo kwa ndege. Walikuwa wamekubali kulipa usafiri wenyewe. Bili ilipokuja ilimeza faida yote, na waliotegemea pesa hizo kwa karo wakarudi nyumbani mikono mitupu. Mimi niliyekuwa mshauri wao pia sikuwa nimeuliza bei mapema. Ndiyo sababu ninaandika somo hili.

1. Ndege hulipisha nafasi pia

Wengi wetu hudhani ndege hulipisha kilo za mizani tu. Sivyo. Hebu chukua futi kamba ya fundi nguo, upime sanduku kwa sentimita. Zidisha urefu kwa upana kwa kimo, kisha gawanya kwa 6,000. Jibu ni kilo za nafasi. Utalipia hizo au kilo za mizani, zozote zilizo nyingi zaidi.

Mfano: sanduku la 60 × 50 × 40 ni 120,000. Gawa kwa 6,000, unapata kilo 20. Tuseme lina vyondo 20 na mizani inaonyesha kilo 9. Utalipia 20. Masanduku kumi ni kilo 200, na kumbe mzigo wenyewe ni kilo 90 tu! Zile 110 ni hewa mliyofunga pamoja na vyondo.

Sasa, mkiingiza kiondo kimoja ndani ya kingine bila kuharibu umbo, na vikaenea 40 katika sanduku, mtabaki na masanduku matano. Mtalipia kilo 100, yaani nusu.

2. Meli hupima vipi?

Mzigo mdogo huwekwa katika kontena moja pamoja na mizigo ya watu wengine. Hulipiwa kwa mita za ujazo au kwa tani, yoyote iliyo kubwa. Mara nyingi kiwango cha chini ni mita moja, hata kama mzigo haujafika hapo. Ongeza gharama za bandari, za hati, na za kufikisha mzigo Mombasa.

Tulinganishe. Bei hizi ni za kujifunzia tu. Bei ya kweli mtapewa na ajenti. Tuseme ndege ni sh. 350 kwa kilo, na meli ni sh. 15,000 kwa mita pamoja na gharama nyingine sh. 20,000.

- Vyondo, masanduku 10: ndege sh. 70,000, meli (mita 1.2) sh. 38,000.
- Vyondo hivyo hivyo, masanduku 5: ndege sh. 35,000, meli (kiwango cha chini, mita 1) sh. 35,000.
- Mawe ya Kisii, masanduku 40 ya 30 × 30 × 30, kila moja kilo 25: ndege sh. 350,000, meli (mita 1.08) sh. 36,200.

Mnaona? Mawe ni ya meli, hakuna mjadala. Lakini kwa vyondo, jibu linategemea mlivyofunga.

3. Wakati

Kwa ndege, hesabu siku chache pamoja na forodha. Kwa meli, hesabu majuma mengi. Na bahari ina mambo yake. Machi 2021 meli moja ilikwama na kuziba Mfereji wa Suez kwa siku sita. Tangu mwisho wa 2023, mashambulizi katika Bahari ya Shamu yalifanya meli nyingi kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, na safari za kwenda Ulaya zikaongezeka kwa zaidi ya juma moja. Kwa hiyo mnunuzi wa Krismasi akitaka mzigo Oktoba, hesabuni kurudi nyuma, na muongeze majuma ya akiba. Kuchelewa kusuka ndiko kulikowasukuma wale akina mama kwenye ndege.

4. Nani atashika hati?

Hapa vikundi vingi hulala. Kwa meli, ombeni hati za asili za shehena, ambazo maajenti huziita B/L. Kwa kawaida huwa tatu, na moja tu yatosha kutoa mzigo bandarini. Basi msiachie hata moja kabla ya kulipwa, au zipitishieni benki. Hati ya ndege ni tofauti: aliyeandikwa kama mpokeaji anaweza kukabidhiwa mzigo hata kama hajawalipa. Kwa mnunuzi mgeni, pesa zitangulie ndege.

5. Unyevu

Kontena hutoa jasho baharini. Katani isiyokauka vizuri hufika na ukungu. Kausheni kabisa kabla ya kufunga. Mkitumia masanduku ya mbao, mbao ziwe zimetibiwa kwa joto na kupigwa mhuri, la sivyo mzigo waweza kuzuiliwa ufikapo.

Katika Luka 14 Yesu anatueleza juu ya mtu atakaye kujenga mnara: kwanza hukaa chini akahesabu gharama. Nasi tukae chini pamoja, mwenyekiti, mweka hazina na wanachama wote, kabla ya kumwambia mnunuzi "ndiyo".

Maswali ya kujadiliana
1. Pimeni sanduku lenu. Kilo za nafasi ni ngapi? Za mizani je?
2. Mkipewa oda leo, mtamaliza kazi lini? Meli itawafaa?
3. Katika mapatano yenu, ni nani anayelipa usafiri, na kutoka wapi hadi wapi? Imeandikwa?
4. Nani katika kikundi atatunza hati za asili?

Mungu abariki kazi ya mikono yenu.