Televisheni Haiwaki: Fuata Njia ya Umeme

SOMO LA 12



Ni saa mbili kasoro dakika tano usiku. Mvua ya jioni imekatika, na baridi ya Ufipa imeanza kuingia mlangoni. Majirani wawili wamekuja kungoja taarifa ya habari pamoja nawe. Unabonyeza rimoti. Kimya. Unabonyeza tena. Kimya. Jana televisheni ilikuwa nzima. Leo haiwaki.

Kijana wako anakimbia chumbani, anarudi na bisibisi. "Nifungue mgongo wake?" anauliza.

Jirani anatikisa kichwa. "Hiyo imekufa, ndugu yangu. Ipeleke kwa fundi mjini."

Mwenzako anauliza, "Na nauli ya kwenda Sumbawanga? Na malipo ya fundi? Au tuuze gunia moja la mahindi?"

Wewe utajibu nini?

Jibu la kwanza ni hili: "Mwanangu, weka bisibisi chini." Jibu la pili ni hili: "Tusiuze kitu bado. Tukague kwanza." Katika somo hili tutajifunza namna ya kukagua, na mahali pa kukomea.

1. Umeme una njia yake

Umeme huja kama maji ya mfereji. Maji yasipofika kwenye bustani yako, huanzi kwa kuchimba bustani. Unaufuata mfereji tangu kwenye chanzo. Unatazama palipobomoka au palipozibwa.

Fanya vivyo hivyo na televisheni. Anza kwenye chanzo cha umeme. Kisha njoo kwenye soketi, kwenye plagi, kwenye waya, na mwisho kwenye televisheni yenyewe. Usiruke hatua. Mtu anayeruka hatua hulipia matengenezo ya kitu kizima, huku kilichoharibika kimebaki palepale.

2. Chanzo: Je, nyumbani kuna umeme?

Washa taa. Ikiwaka, umeme upo. Endelea na hatua ya 3.

Taa isipowaka, tazama nje. Je, majirani wana umeme? Kama nao hawana, umeme umekatika. Chomoa plagi ya televisheni, ungoje. Kama wao wanao, tazama mita yako ya LUKU. LUKU maana yake ni Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Uniti zikiisha, umeme hukatika bila kosa la televisheni. Kama uniti zipo, tazama swichi kuu. Huenda imejishusha yenyewe. Ipandishe mara moja tu. Ikijishusha tena, iache. Kuna hitilafu katika nyaya za nyumba, na hiyo ni kazi ya fundi umeme.

Wengi wetu vijijini tunatumia umeme wa jua. Huko chanzo ni betri. Tazama taa za kifaa kinachoongoza chaji. Mara nyingi taa nyekundu huonyesha kwamba betri imeishiwa. Kifaa hicho hukata umeme ili betri isife kabisa. Wakati wa masika, mawingu yakifunika jua siku mbili tatu mfululizo, jambo hili ni la kawaida. Televisheni haina ugonjwa. Betri ina njaa.

Tazama pia vichwa vya betri. Kama vimeota ukungu mweupe au wa kijani, umeme hupita kwa shida. Zima vyombo vyote, kisha safisha kwa kitambaa kikavu na kukaza waya. Usiwashe kiberiti wala kuvuta sigara karibu na betri, kwa sababu hewa inayotoka humo yaweza kulipuka. Usiache chuma kigusane na vichwa vyote viwili.

Sasa tupige hesabu. Betri ya volti 12 na ampea-saa 50 ina:

12 x 50 = wati-saa 600

Betri ya maji ya asidi hudumu zaidi ikiwa hutumii zaidi ya nusu. Nusu ya 600 ni 300. Televisheni ya wati 40 ikiwaka saa 4 hutumia:

40 x 4 = wati-saa 160

Taa 3 za wati 5 kila moja, kwa saa 4, hutumia:

3 x 5 x 4 = wati-saa 60

Jumla ni 220. Betri inatosha. Lakini siku ya mpira televisheni ikiwaka saa 8, itatumia 320 peke yake. Ukijumlisha na taa unapata 380. Umezidisha. Kesho jioni usishangae televisheni ikikataa kuwaka.

3. Soketi na plagi

Hakikisha mikono yako ni mikavu. Chomoa plagi ya televisheni. Katika soketi ileile chomeka kitu kingine unachojua ni kizima, kama taa ya mezani au chaja ya simu.

Kisipofanya kazi, kosa liko kwenye soketi. Chomeka televisheni kwenye soketi nyingine. Kama unatumia waya wa kuongezea, uondoe. Chomeka moja kwa moja ukutani. Nyaya hizo hukatika ndani kwa kukanyagwa na kukunjwa, na kwa nje huoni kitu.

Kama soketi ni nzima, tazama plagi. Plagi nyingi za miguu mitatu zina fyuzi ndani. Fyuzi ni kama mlinzi. Umeme ukizidi, yenyewe hukatika ili nyumba isiungue. Ikiwa imeshachomolewa kabisa, ifungue plagi hiyo na kuitoa fyuzi. Weka nyingine nzima yenye namba ileile. Kwa televisheni, namba hiyo huwa 3 au 5. Televisheni ikiwaka, kazi imekwisha. Fyuzi ni kitu kidogo cha bei ndogo. Kumbe tulikuwa tayari kuuza gunia!

Lakini fyuzi mpya ikikatika papo hapo, usiweke ya tatu. Kosa liko mbele zaidi.

Hapa lazima tuseme kweli. Wako watu wanaofunga fyuzi kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, au kwa waya. Televisheni inawaka, nao wanajisifu. Ndugu msomaji, mtu huyo amemfukuza mlinzi na kuacha mlango wazi. Umeme ukizidi, waya utapata moto na nyumba itawaka watu wakiwa usingizini. Usifanye hivyo, na ukimwona mwingine akifanya, mwambie.

4. Televisheni yenyewe, kwa nje

Sasa tuna hakika kwamba umeme umefika. Tazama taa ndogo iliyo chini ya kioo. Mara nyingi ni nyekundu.

Taa inawaka: Umeme umeingia ndani. Usitumie rimoti. Tafuta kitufe kwenye televisheni yenyewe, ubavuni, chini au nyuma. Kibonyeze. Ikiwaka, kosa ni la rimoti. Badilisha betri zake. Unaweza kuipima kwa simu yenye kamera. Elekeza kichwa cha rimoti kwenye kamera, ubonyeze kitufe huku ukitazama kioo cha simu. Katika simu nyingi utaona nuru ndogo ambayo macho matupu hayaioni. Kama haionekani, pima kwanza rimoti nyingine nzima kwa simu hiyo, ili usiisingizie rimoti yako bure.

Taa inawaka lakini kitufe nacho hakifanyi kazi: Chomoa plagi. Bonyeza kitufe cha kuwashia, ukishikilie kwa nusu dakika. Ngoja dakika kumi. Chomeka tena, ujaribu. Televisheni za siku hizi zina ubongo kama wa kompyuta. Pengine ubongo huo hukwama, na hupona ukipumzishwa.

Taa haiwaki: Kama waya wa umeme huchomoka nyuma ya televisheni, hakikisha umeingia sawasawa. Kama televisheni ina swichi kubwa, hakikisha imewashwa. Mtoto au ufagio waweza kuwa umeizima.

Sauti ipo, picha hakuna: Televisheni haijafa. Zima taa ya nyumba, umulike kioo kwa tochi kwa upande. Ukiona picha hafifu, taa za nyuma ya kioo ndizo zilizoungua. Fundi anaweza kuzibadilisha.

Maandishi yanasema hakuna mawimbi: Hiyo si televisheni mbovu. Kagua king'amuzi, waya wake na dishi au antena.

5. Hapa ndipo tunapokomea

Umefuata njia yote na bado haiwaki. Sasa kosa liko ndani. Usifungue mgongo wa televisheni, wala usimruhusu kijana afungue.

Sababu ni hii. Ndani yake mna vifaa vinavyoitwa kapasita. Kazi yao ni kuhifadhi umeme. Hata ukichomoa plagi, umeme waweza kubaki humo, na ukishika unakupiga. Televisheni za zamani zenye kisogo kirefu ni hatari zaidi. Zile za rangi hutumia zaidi ya volti 20,000 kwenye kioo chake. Umeme wa ukutani ni volti 230 tu, nao unaua.

Ukisikia harufu ya kuungua, ukiona moshi au ukisikia mlio wa cheche, usikague chochote. Zima swichi kuu. Kisha chomoa plagi. Usimwagie maji.

Na mtu akinaswa na umeme, usimshike. Zima swichi kuu kwanza. Kama huwezi kuifikia, simama mahali pakavu umsukume kwa mti mkavu. Kisha mpeleke hospitali haraka, hata kama anasema ni mzima.

6. Kalamu yako ni ngao yako

Sasa ni kazi ya fundi. Lakini usiende mikono mitupu. Wewe unajua kusoma na kuandika. Andika karatasi kama hii:

Aina ya televisheni na namba iliyo nyuma yake: ..........
Siku na saa ilipozimika: ..........
Kulikuwa na radi, au umeme ulikatika na kurudi? ..........
Taa nyekundu inawaka? Ndiyo / Hapana
Sauti ipo? Ndiyo / Hapana
Nimekwisha kagua: chanzo, soketi, fyuzi, waya, rimoti.
Bei tuliyopatana kabla ya kazi: ..........
Sahihi ya fundi: ..........    Sahihi yangu: ..........

Mwombe fundi akurudishie kifaa cha zamani alichokitoa, na akupe stakabadhi. Fundi mwaminifu hatakasirika. Karatasi yako itampunguzia kazi. Na yule anayetaka kukudai bei ya kifaa kikubwa kwa kubadilisha fyuzi, atakapoona umeandika kwamba fyuzi ni nzima, atafikiri mara mbili.

7. Kinga

Katika uwanda wetu wa Ufipa mvua huanza karibu na Novemba na kuendelea hadi Aprili. Mvua hizi huja na radi. Radi huingia kwa waya wa umeme, na pia kwa waya wa antena au dishi. Kwa hiyo ukiona wingu jeusi linapanda, chomoa vyote viwili mapema. Usingoje radi ianze kupiga juu ya nyumba ndipo ushike waya.

Umeme ukikatika, chomoa televisheni. Ukirudi, ngoja dakika chache kabla ya kuchomeka. Mara nyingi umeme unaporudi hupanda na kushuka, na hapo ndipo vyombo vingi huungua. Watu wa Sumbawanga wanalijua jambo hili. Kwa miaka mingi mji ulipata umeme kutoka Zambia na kutoka mitambo ya dizeli, na kukatika kwa umeme hakukuwa jambo geni.

Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1973, vikundi vilipokusanyika kusikiliza redio katika kampeni ya Mtu ni Afya. Redio ikinyamaza, kikundi kilikosa somo. Miaka hiyo Zanzibar ilianza televisheni, na huku Bara tulingoja hadi mwaka 1994. Leo televisheni imefika Laela, Mpui, Matai na Namanyere. Chombo kimebadilika, lakini kazi ya mwenye chombo ni ileile: akijue na akitunze.

Turudi nyumbani kwako. Bisibisi iko chini. Gunia la mahindi liko ghalani. Umekuta soketi ni nzima na fyuzi imekatika. Kesho asubuhi utanunua nyingine dukani. Usiku huu waambie majirani wakaribie moto, uwaeleze ulichojifunza. Elimu haina mwisho.

MANENO YA KUJIFUNZA

Fyuzi: kifaa kidogo kinachokatika umeme ukizidi.
Kapasita: kifaa kinachohifadhi umeme.
Stakabadhi: hati ya kuthibitisha malipo.
Hitilafu: kasoro, kosa katika chombo.

MASWALI

1. Kwa nini tunaanza kukagua kwenye chanzo, si kwenye televisheni?
2. Taa nyekundu inawaka lakini rimoti haifanyi kazi. Utafanya nini kwanza?
3. Kuna hatari gani kufunga fyuzi kwa karatasi ya sigara?
4. Betri ya volti 12 ina ampea-saa 100. Ina wati-saa ngapi? Nusu yake ni ngapi? Televisheni ya wati 50 inaweza kuwaka saa ngapi kwa nusu hiyo?
5. Kwa nini haifai kufungua mgongo wa televisheni hata kama plagi imechomolewa?

KAZI YA KIKUNDI

Nakilini karatasi ya fundi katika madaftari yenu. Kila mmoja aijaze kwa chombo kimoja cha nyumbani kwake: redio, simu, taa ya jua au televisheni. Kisha someaneni kwa sauti na kusahihishana.