Umeme wa Matope

Watoto, nani hupenda matope? Miguu huchafuka, nguo hunuka, mama hukemea. Lakini tusiyadharau. Ndani yake wamo wafanyakazi wa ajabu.

Wafanyakazi hao ni mikrobi, yaani vidudu wadogo sana. Jicho haliwaoni bila hadubini.

Kila kiumbe hula. Chakula kikivunjwa mwilini, hutoa vipande vidogo mno vya umeme, viitwavyo elektroni. Lazima elektroni zipate pa kwenda. Sisi huzipeleka kwenye hewa tuivutayo. Ndiyo sababu mtu akizibwa pumzi hufa upesi. Lakini chini ya matope hewa hamna. Basi vidudu hao hula majani yaliyooza, na elektroni zao huzipeleka kwenye kutu ya chuma iliyomo udongoni. Chuma ndicho hewa yao!

Mwaka 1987 mtaalamu Derek Lovley na wenzake walitoa habari ya kidudu wa namna hiyo, aliyepatikana katika matope ya mto Potomac, nchi ya Marekani. Alilishwa ndani ya chupa isiyo na hewa. Kutu nyekundu ikageuka nyeusi, nayo ikavutwa na sumaku. Baadaye kidudu huyo akaitwa Geobacter metallireducens.

Je, umeme huo twaweza kuuchukua? Ndiyo. Wataalamu huzika matopeni kipande cha grafiti, kitu kile cheusi kilichomo ndani ya kalamu ya risasi. Kipande cha pili hukaa juu, katika maji yenye hewa. Waya huviunganisha. Vidudu hupeleka elektroni kwenye grafiti iliyozikwa, nazo hupita katika waya kwenda juu. Mwendo huo ndio umeme.

Lakini msidanganyike. Jiwe la toshi lina volti 1,5. Matope hayafikishi hata volti 1. Hayatawasha taa za kijiji. Hata hivyo, mwaka 2008 wataalamu walieleza jinsi matope ya mto uleule wa Potomac yalivyoendesha chombo kielea cha kupima joto la hewa, bila mtu kwenda kubadili mawe yake.

Kidogo kisichochoka hufanya kazi kubwa.

Maulizo

1. Kwa nini vidudu hao hutumia chuma?
2. Kutu iligeukaje ndani ya chupa?
3. Kwa nini kipande cha pili hakizikwi matopeni?